Nakalia Mimi Mwenyewe

Kampala ukiongea Kiswahili kwa sauti kubwa, watu wanakaa sawa. Wanadhani wewe ni askari, au askari wako nyuma yako. Mimi nimekulia kambini, baba yangu alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndicho tulichofokewa nacho nyumbani na ndicho tulichobembelezwa nacho. Kwa hiyo sijui kukiongea polepole. Nikiomba chumvi, jirani anadhani namkamata.

Hajati alilipenda hilo. Yeye ni Mnubi, mjukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudan enzi za wakoloni, na ndiye mwenye karakana ya vitanda vya chuma pale Katwe. Tunatengeneza hasa deka, vile vitanda vya ghorofa ambavyo watoto wa bweni wanagombania kulala juu. Siku aliyoniita kwa mahojiano, vyeti vyangu vya kompyuta alivitupia jicho akanirudishia.

"Hivi ni sawa," akasema. "Unaweza kumfokea fundi wangu mkuu?"

"Vizuri sana, Hajati."

"Basi kaa."

Alikuwa amejiunga na programu ya viwandani, zile ambazo hazikai ndani ya kompyuta yako bali mtandaoni, kwenye wingu kama wanavyoita. Fundi mkuu aliposikia neno wingu alicheka mpaka akashika meza. "Wingu? Hapa Katwe tukiona wingu tunabeba vitu juu. Leo ninyi munaviweka ndani yake?" Na kweli, mvua ikinyesha kwetu, maji ya mtaro yanaingia bila hodi.

Programu ile ina maelezo ya kazi na ina oda za kazi, na ukivichanganya umepotea. Wenzangu niliwaeleza kwa pilau. Maelezo ya kazi ni namna pilau inavyopikwa: mchele kiasi gani, kinaanza kitunguu au inaanza nyama, nani anakaa motoni. Hayo unayaandika mara moja yakakaa. Oda ya kazi ni pale wageni wanapokuja Jumamosi na unaambiwa upike sufuria ngapi. Unafungua oda, yenyewe inayachukua yale maelezo, inahesabu vifaa, halafu inampa kila mtu hatua yake kwenye tableti tuliyoifunga ukutani. Aliyekata paipu akimaliza anagusa, hatua inageuka kijani, na wa kuchomelea anaanza. Huyu asipogusa, yule anakaa akipiga miayo.

Vibonyezo vyake vilikuwa vya Kiingereza, lakini maneno ya ndani tuliyaweka wenyewe, na tuliyaweka kwa Kiswahili. Tungefanyaje? Fundi mkuu ni Mkongo wa Bukavu, Luganda hajui. Mpaka rangi wetu anatoka Lira kule kaskazini, ni Langi kwa kabila, na Luganda yake ni ya kununulia ndizi tu. Mtu wa stoo ni Muganda safi. Kiswahili ndicho pekee tulichokutana nacho wote, kila mtu na chake, kila mtu anavyokivunja.

Kazi yangu ilikuwa kuyatoa maelezo kichwani mwa fundi mkuu na kuyaweka kwenye programu. Jamani, kazi ilikuwepo! Yule mzee anajua deka kama anavyojua mkono wake, na anajua kwamba anajua. Anavaa shati jeupe kazini, na akichomelea halipati hata doa, kisha anapita mbele yako makusudi ulione.

"Fundi, paipu ya kichwani inakunjwa kiasi gani?"

"Mpaka ikubali."

"Ikubali nini?"

"Ikubali tu. Utaona."

"Fundi, mimi sioni. Na programu haina macho. Inataka namba."

"Basi programu yako ni kipofu, binti. Unaileta kwangu nifanye nini nayo?"

Nilifyonya, nikatoka, nikanunua dukani ile seti ya hesabu ya watoto wa shule, nikarudi na protrakta ya plastiki. Alipoikunja paipu ikakubali, nikaipima hapo hapo. Akasogea kuangalia namba. Akakunja nyingine bila kutazama protrakta, nikapima, namba ikatoka ile ile. Aliringa siku nzima yule, hata chai hakunywa kwa kujisikia.

Sasa niseme kwa nini Hajati alitaka haya yote, maana sio programu iliyokuwa inamnyima usingizi. Ni suti.

Ndani ya stoo, juu ya madebe ya rangi, ilining'inia suti ya kijivu kwenye nailoni yake ya dobi. Ya fundi mkuu. Aliishona kwa ajili ya harusi ya binti yake wa kwanza, kule kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Mbarara familia yake inakoishi. Siku ya kwenda, ameshakaa ndani ya basi, suti mapajani, simu ikalia. Vitanda vya juu vilikuwa havikai kwenye vya chini, na lori la shule liko mlangoni, na hakuna aliyejua kosa liko wapi. Akashuka. Kosa alilipata upesi sana, lakini basi lilishaondoka, na binti akaolewa baba akiwa Katwe na nyundo mkononi. Hakumlaumu mtu. Aliitundika suti stoo, akasema itangoja.

Sasa binti wa pili, ndiye wa mwisho, alikuwa anaolewa. Na harusi ilianguka wiki ile ile shule zinafunguliwa, wakati ambapo malori ya shule yanapanga foleni kwetu.

"Nikimwachia aende na kazi ikakwama, nitampigia," Hajati aliniambia siku moja, bila kunitazama. "Najijua. Na nikimpigia atashuka tena kwenye basi. Wallahi sitaki."

Ndipo akatoa amri yake. Tungefungua oda moja ndogo ya deka, ya shule ya wasichana, na tungeitengeneza kuanzia kukata mpaka mwisho bila fundi mkuu kutia mguu karakana. Hatua zote zikigeuka kijani, anaenda harusini. Oda ikikwama tukamwita, habari imeisha, anabaki. Fundi alikubali upesi mno. Baadaye nilimwona stoo akiishika ile nailoni kama mtu anayepima joto la mtoto, na roho ikaniuma sana.

Tulibakiza hatua moja tu ya kuandika, ya mwisho. Kila deka kabla haijatoka, yeye huikalia. Anakaa chini, anaruka kidogo, anapanda juu, anaruka, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Nikamwambia anipe maneno.

"Andika: nakalia mimi mwenyewe. Naruka, nasikiliza. Kitanda kikilia hakitoki."

"Fundi, huyo mimi ni nani? Niandike 'fundi akalie'."

"Fundi gani? Fundi ni wengi. Andika vile nasema."

"Lakini wewe hutakuwepo!"

"Binti. Miaka yote hii hakuna mutoto ameanguka kwa kitanda changu. Njo vile. Andika."

Nilipiga vibonyezo kwa hasira karibu nivitoboe. Nakalia mimi mwenyewe. Haya!

Asubuhi ya jaribio fundi mkuu aliketi kwenye benchi la muuza chapati, ng'ambo ya mtaro, usoni kwetu kabisa. Shati jeupe. Hajati alisimama getini na buibui lake akamnyooshea kidole. "Ukivuka huo mtaro, huendi harusini."

"Na nikikohoa?"

"Kohoa ukielekea Kibuye."

Kukata kulienda. Kukunja kulienda, kwa protrakta ya mtoto wa shule na namba za mzee. Vijana wa kuchomelea walikuwa wanasoma tableti kwa sauti, na kila hatua ikigeuka kijani mtu anapiga bati kama kengele. Ng'ambo kule fundi alikuwa anaagiza chai juu ya chai. Mtu akishika paipu vibaya, mzee anafumba macho. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilikuwa nataka kucheka.

Tulipofika kwenye kupaka, oda ikagoma. Nyekundu. Vifaa havitoshi: rangi ya kijivu, hakuna.

"Hakuna vipi?" nikasema. "Tulinunua juzi!"

Nikatafuta upya. Rangi ya kijivu: sifuri. Rangi ya bluu: sifuri. Rangi yoyote: sifuri. Hajati alikuwa nyuma yangu, nikasikia anavyohema. Fundi mkuu alikuwa amesimama kwenye benchi lake, kikombe mkononi, anataka kujua kuna nini.

Nikageuka nikatoa sauti ya kambini. "Wa stoo! Rangi iko wapi?"

Yule Muganda akatoa kichwa dirishani, ametulia kabisa. "Nnyabo, unapigia nini kelele? Langi iko hapa! Langi iko mingi!"

"Wangi?" ikaitika sauti kutoka uani. Hivyo ndivyo mtu anavyoitika Kampala akiitwa. Akatokea mpaka rangi wetu, mtu wa Lira, brashi mkononi. "Nani ananiita? Na Langi si wengi hapa. Niko peke yangu. Wengine wako nyumbani."

Kisha nikaelewa, nikarukia kompyuta. Nikafuta r, nikaandika l. Langi.

Zikatoka zote. Langi ya kijivu, lita nne, madebe tele. Langi ya bluu. Langi nyeupe. Mtu wa stoo alipozipokea alitafuta neno kwa namna anavyolitamka yeye, akalikosa, akaliongeza upya kwa mkono wake mwenyewe, na programu haikumbishia. Ilikuwa imekaa na vitu viwili tofauti: rangi ambayo hatuna, na Langi ambao tunao wa kumwaga.

Nilipowasomea kwa utani, "Langi mweupe, lita nne," mtu wa Lira alijitazama mikono. "Huyo simjui," akasema. "Sisi kwetu tuko weusi. Na hatupimwi kwa lita."

Karakana ilikufa kwa kicheko. Hajati alishika nguzo. Mtu wa stoo ndiye aliyechelewa kucheka, maana alikuwa bado anauliza, "Sasa kosa ni wapi? Si ni langi?" Mimi niliibadilisha oda ichukue Langi badala ya rangi, ikawa kijani, na nikampa fundi mkuu ishara kwamba aketi. Akaketi. Muuza chapati akampigia makofi.

Baadaye nilitaka kulisafisha lile neno. Walinikatalia wote, mtu wa Lira wa kwanza. Anasema jina la watu wake liko kwenye wingu, mimi ni nani hata nilifute? Hata leo maelezo yetu ya kazi yanasema hivyo hivyo, paka Langi mara mbili, acha akauke.

Rangi ilipokauka, zikabaki deka tatu zimesimama mstari mmoja, kijivu, safi, na hatua moja tu kwenye tableti. Jua lilikuwa linaegemea magharibi. Mtu wa Lira ndiye aliyekuwa karibu na ukuta, akasoma kwa sauti, neno moja moja. "Nakalia. Mimi. Mwenyewe."

"Nani?" akauliza Hajati.

Wote tukamtazama mtu yule yule, ng'ambo ya mtaro. Mimi mwenyewe wa maneno yale alikuwa ameshafika ukingoni, viatu vyake vimechungulia majini, na uso wake umemshuka. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Oda yote ilikuwa imesimama kwa ajili ya neno alilonilazimisha kuandika.

Ningeweza kugusa tu ikageuka kijani. Kidole kilikuwa kimeshanyanyuka, sitadanganya. Lakini ni vitanda vya watoto vile, na Hajati alikuwa ananitazama mkononi. Machozi yalinijia ya hasira. Nilimkasirikia mzee, nikalikasirikia lile neno, nikakumbuka ile suti.

"Aitwe?" akauliza mtu wa stoo kwa sauti ndogo.

Hajati alifungua mdomo. Sijui alikuwa anataka kusema nini, kwa sababu mtu wa Lira alikuwa bado anaitazama tableti, anakuna shingo kwa mpini wa brashi.

"Hapa imeandikwa mimi," akasema. "Na nimesoma mimi. Basi si ni mimi?"

Akaenda akakaa. Tako chini, puu. Akaruka kidogo, akainamisha kichwa, akasikiliza, vile vile kama mzee. Kimya. Akapanda juu, akaruka. Kimya. Akashuka. Mtu wa stoo akasogea ukutani, akasoma, "Nakalia mimi mwenyewe," akaiendea ya pili. Mmoja wa wachomeleaji akasoma, akaiendea ya tatu.

Ya tatu ililia. Nyii. Kidogo sana, mlio wa mlango wa kabati. Yule mchomeleaji angeweza kushuka akanyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alikuwa ameshasema mimi mbele za watu. Akaruka tena, ikalia tena. "Hii haitoki," akasema. Wakaipindua, wakakuta kiungo cha ngazi hakijashika vizuri, wakakisaga, wakachomelea upya, wakampa mtu wa Lira apake. Mzee kule ng'ambo alikuwa ameisikia ile nyii kuliko sisi wote. Alikuwa amekunja ngumi mbili kifuani. Walipoipindua ile deka upande ule ambao yeye angeipindua, alizifungua.

Ilipokauka, Hajati akanisukuma kando. Akasimama mbele ya tableti, akasoma kwa ile sauti yake ya Kinubi inayovuta maneno, "Nakalia mimi mwenyewe." Mwili wake, Mungu amembariki. Akaketi kwenye ile ya tatu kando ya ukuta, akaruka, akapanda juu, akaruka, si kidogo. Haikulia. Akabaki amekaa pale, miguu inaning'inia, akanyoosha mkono akagusa tableti kwa kidole chake chenye hina.

Kijani, oda nzima.

"Wewe Mkongo!" akapaza sauti kuelekea mtaroni. "Kachukue suti yako!"

Mzee alivuka mtaro kwa hatua moja. Alizungukia zile deka zote akizipapasa vichwa. Aliponifikia alikuwa anacheka na macho yake yamelowa, na mimi pia hali yangu haikuwa nzuri.

"Sasa hamunihitaji," akasema, nusu utani.

"Nani kasema?" Hajati akamjibu akiwa bado kitandani. "Tunakuhitaji sana. Nenda ukashibe pilau, urudi."

Mtu wa stoo aliipangusa suti vumbi kwa brashi mpya. Ilikuwa imembana tumboni, kwa sababu ilikuwa imengoja muda mrefu. Hakutaka kuivua. Aliondoka nayo mwilini, akapanda boda kwenda stendi akiwa ameketi wima, na Hajati akatukusanya akatukataza, mmoja mmoja, kumpigia simu kwa sababu yoyote ile, hata karakana ikiungua.

Jumamosi yenyewe tulikuwa tunapakia. Malori mawili ya shule, jua kali, kila mtu anamfokea mwenzake, na mimi nawafokea wote. Simu yangu ikalia. Nikaona ni mzee. Nikafikiri, ameshuka tena! Nikaiweka kwenye spika, Hajati akakimbia kusikiliza. Huko nyuma ngoma zilikuwa zinapigwa, wanawake wanashangilia, na yeye anapiga kelele apate kusikika.

"Binti! Zile za leo, nani amezikalia?"

Nikainua simu juu. Sikumwambia mtu aseme nini. Mtu wa Lira alikuwa juu ya lori, mtu wa stoo dirishani, wachomeleaji chini na kamba mikononi, Hajati ubavuni kwangu.

"Mimi!" tukasema wote.

Ngoma zikaendelea. Halafu nikamsikia akiongea na mtu pembeni yake, simu ameshaisahau mkononi. "Twende, mutoto," anamwambia. "Baba anakuja kucheza."